Fundi wa sura za marehemu asaka skrini itakayosema kweli

Saa tatu asubuhi. Katika duka la kompyuta zilizotumika, mwanamke wa makamo amesimama mbele ya monita kadhaa zilizowashwa, ameinua mkono wake wa kushoto kana kwamba anaapa mahakamani. Kwenye skrini iliyo karibu naye kuna picha ya mkono huohuo. Katika mkono wa kulia ameshika picha nyingine ya mkono uleule, hii ikiwa imechapishwa kwenye karatasi.

Anautazama mkono wa nyama. Anautazama wa karatasi. Anautazama wa kwenye skrini, kisha anatikisa kichwa.

"Huu wa humu ndani unakula vizuri kuliko mimi," anasema. "Umenawiri mno. Si wangu."

Muuzaji, mwanamume mpole aliyechomeka bisibisi mfukoni mwa shati, anacheka kwa adabu. Wateja wake wa asubuhi huanza na bei, wakaja kwenye ukubwa, kisha wakarudi kwenye bei. Huyu hajauliza chochote kati ya hivyo. Anachofanya ni kuchomeka kompyuta yake mpakato kwenye monita moja baada ya nyingine na kuzinyooshea mkono.

"Mama, kizuri chajiuza," muuzaji anamwambia, akiivuta mbele monita kubwa yenye kioo kilichopinda. "Hii ni inchi thelathini na mbili. Ukikaa hapa, hata ukuta huuoni."

"Kama inajiuza, mbona unaitembeza hivyo?"

Wote wawili wanacheka. Lakini mwanamke huyu hakuja kutania, na kicheko chake kinaisha upesi.

Mtaani kwake anajulikana kwa jina la Fundi Sura. Kazi yake ni kutengeneza picha za marehemu. Familia iliyofiwa huja na ilichonacho: kitambulisho kilichofifia, picha ya harusi ya mtu mwingine ambamo marehemu amesimama safu ya nyuma, au picha ya simu ambamo nusu ya uso imezibwa na mtoto aliyebebwa. Wanataka picha moja kubwa, safi, ya kusimamishwa karibu na jeneza siku ya maziko, na baadaye kutundikwa sebuleni.

"Watu wengi hawapigwi picha wakiwa wao," anaeleza. "Wanapigwa wakiwa wamesimama nyuma ya bibi harusi. Siku wakiondoka ndipo tunaanza kuwatafuta."

Yeye ndiye anayewatafuta. Humtoa mtu katikati ya kundi, akaondoa ukungu ulioota kwenye karatasi, akaziba palipochanika, akamnyooshea kola. Wakati mwingine humpa bega ambalo mpiga picha alilikata. Kazi hiyo aliianza akiwa msichana katika studio ya picha za filamu, akitumia brashi nyembamba na wino. Studio ilipofungwa, alinunua kompyuta mpakato na kuhamia chumba cha nyuma cha duka la mdogo wake, anayetoa nakala na kupiga picha ndogo za pasi na vitambulisho.

Katika wiki nzuri alikuwa akipokea sura tano au sita. Malipo ya sura moja yalitosha chakula cha nyumba kwa siku mbili. Si utajiri, lakini ni kazi ambayo watu humshukuru mtu huku wakilia, na si kazi nyingi zenye malipo ya namna hiyo.

Kisha skrini ya kompyuta yake ikaanza kuchoka.

Ilianza kupauka upande mmoja. Baadaye ikaingiwa na ubuluu, mwanga ukapungua, na kila alipoinamisha kifuniko kidogo, rangi zote zikabadilika. Fundi Sura akajizoesha. Akitaka kuona weusi wa nywele, alikiinamisha. Akitaka kuona ngozi, alikiinua. Mdogo wake alimsihi akapimwe macho, akaenda, akaambiwa macho yake ni mazima.

"Kumbe mgonjwa ni kioo, na mimi ndiye niliyekuwa nakwenda hospitali," anasema.

Angeweza kuacha hapo, akatafuta kioo kingine mapema. Hakuacha. Hapa ndipo simulizi hii inapokuwa nzito, na mwenyewe haizungushi.

Seremala mmoja wa mtaa wa pili alifariki dunia. Nyumbani kwake palikuwa na picha moja tu nzuri ya uso wake, iliyokuwa ukutani chini ya bati linalovuja. Maji ya mvua yalikuwa yameingia ndani ya fremu na kushuka usoni, yakaacha madoa ya rangi ya chai kuanzia paji la uso hadi kidevuni. Jamaa mmoja wa familia aliileta siku mbili kabla ya maziko.

Fundi Sura aliipitisha kwenye skana, akamrudishia picha yake, akakaa kitako. Aliondoa doa baada ya doa. Chini ya jicho la kushoto palikuwa na lingine, dogo, ukubwa wa punje ya hindi, limekaa palepale njia ya maji ilipopita. Akaliondoa pia. Uso ukabaki laini, msafi. Jamaa alipoifuata, aliitazama juujuu, akashukuru, akaondoka nayo.

Halikuwa doa. Seremala alizaliwa na alama hiyo.

Kila fundi wa picha za kale anaijua kanuni, na Fundi Sura amewahi kuwafundisha wengine: doa la maji lina ukingo, alama ya mwili haina. Maji yakikauka huacha mstari mwembamba pembeni, lakini alama ya mtu huyeyuka taratibu ndani ya ngozi yake. Kwenye skrini ile iliyopauka, ukingo haukuonekana tena. Madoa yote na alama ile vilikuwa kitu kimoja.

Siku ya maziko, binti wa marehemu alifika kutoka safari ya mbali wakati jeneza limeshafungwa. Uso wa baba yake aliokutana nao ulikuwa ule wa kwenye picha. Waliokuwepo wanasema alisimama mbele yake kwa muda, akauliza, "Huyu ni nani?" Watu wakadhani ni uchungu. Akauliza tena. Kisha akaishusha picha, akaifunika kwa kanga, na maziko yakaendelea bila picha.

Jioni ile alimpigia Fundi Sura simu. Hakupaza sauti.

"Baba alikuwa akisema Mungu ni seremala mwenzake," alimwambia. "Alimpima, akamwekea alama ya penseli chini ya jicho, akasahau kuifuta. Maisha yake yote alikuwa akitembea nayo na kucheka. Wewe umemfutia."

Fundi Sura anapoyarudia maneno hayo anayatamka polepole, bila kuruka hata moja.

"Wapo wanaonifariji kwamba ni kioo," anasema baadaye. "Kioo kilikuwa kibovu, sikatai. Lakini kioo hakikushika panya wa kompyuta kikafuta. Mkono ni wangu. Na nilijua kwamba sioni sawasawa, nikafanya."

Tangu siku hiyo hakugusa sura ya mtu. Waliofiwa walikuja, akawaelekeza kwingine. Alihamia mbele ya duka akawa anapiga picha za pasi, kazi ambayo mwenye sura amekaa mbele yako na anaweza kujitetea. Huko nyuma, kompyuta ikafunikwa kitambaa.

Mdogo wake ndiye aliyechoka kwanza.

"Dada, heri kufa macho kuliko kufa moyo," alimwambia. "Wewe umekufa moyo, na macho unayo."

"Nikanunue kompyuta nyingine kwa fedha gani?"

"Nani kakwambia kompyuta? Laptopu ina akili zake timamu, kioo ndicho kimechoka. Tununue monita, uiunganishe kwa waya. Akili ileile, macho mapya."

Ndivyo safari hii ya dukani ilivyozaliwa. Na ndiyo maana, katika kompyuta aliyoikumbatia njia nzima, Fundi Sura amebeba vitu viwili tu vya kujaribia: picha ya mkono wake, na picha ya seremala kama ilivyotoka kwenye skana, na maji yake yote usoni.

Jaribio la mkono ni la kwake mwenyewe. Alilibuni tangu enzi za studio, ili kujua kama karatasi na dawa vinampa rangi ya kweli ya ngozi.

"Rangi ya gauni nikikosea, nani atajua? Rangi ya mtu nikikosea, mama yake atajua," anasema. "Kwa hiyo nauita mkono, naiita karatasi, naiita skrini. Watatu hawa wakikubaliana, nanunua. Wakigombana, naondoka."

Mpaka sasa wanagombana. Monita ya kwanza imeufanya mkono uwe wa kijivu. Ya pili ina kioo kinachong'aa, na badala ya mkono Fundi Sura anauona uso wake mwenyewe na mlango wa duka nyuma yake. Ya tatu ni nzuri ukiitazama mbele kwa mbele, lakini akisogea hatua moja pembeni, ngozi inageuka. Hiyo anaikataa haraka kuliko zote. Ameshaishi na kioo kinachobadilisha maneno.

Anarudi kwenye ile kubwa iliyopinda. Safari hii haweki mkono. Anafungua picha ya seremala.

Uso unajaa kioo kizima. Na chini ya jicho la kushoto, alama ile imekolea, nyeusi, haina kificho. Fundi Sura anashika ukingo wa meza.

"Ndiyo hii," anasema. "Nifungie hii."

Muuzaji ameshaanza kutafuta boksi, lakini kuna kitu kinamsimamisha.

"Samahani, mama. Unatafuta nini hapo?"

Anamweleza. Anaeleza kwa ufupi, amesimama, bila kumtazama. Muuzaji anainama na kuzima redio iliyokuwa ikiimba kwenye kaunta. Anaikaribia skrini, anautazama uso wa mtu asiyemjua, kisha anasema jambo ambalo wauza duka hawalisemi mara nyingi.

"Basi usinunue hii."

"Lakini naiona alama!"

"Unaiona kwa sababu inatia chumvi. Hii ni ya sinema na michezo, inakoleza kila kitu ili mteja apendezwe. Tazama na madoa: yamekolea sawa na alama. Leo unayo picha unayoijua. Kesho watakuletea usiyemjua, utamwachia madoa ukidhani ni yake."

Fundi Sura anatazama. Ni kweli. Mstari wa maji umekuwa mweusi kama alama. Kioo kile cha zamani kilificha, na hiki kinazidisha, na yeye nusura atoke kwenye kosa moja aingie kwenye pacha wake.

Muuzaji anabonyeza vitufe vilivyo chini ya kioo, anapunguza mwangaza, anapunguza ukali wa rangi. Uso unapoa, lakini mkono bado unagombana na karatasi. Anaingia stoo. Anarudi amebeba monita nene ya ofisini, nyeusi isiyong'aa, mguu wake umepasuka na kufungwa kwa waya.

"Ilitoka ofisi moja ya wapiga chapa iliyofunga," anasema, akiipangusa vumbi kwa kiganja. "Imekaa sana huko nyuma. Wateja wanasema ina sura mbaya."

"Sura niachie mimi," anajibu Fundi Sura.

Anaweka mkono. Anaweka karatasi. Anasogea kulia, anasogea kushoto, anarudi nyuma hadi karibu na mlango. Rangi haitikisiki. Anafungua ukurasa mweupe mtupu na kuukagua kona kwa kona, kutafuta vitone vya kioo vilivyokufa, visivyowaka, hapati. Anaiacha iwake mpaka ipate moto, maana kioo nacho kina tabia mbili, ya mwanzo na ya baadaye. Haibadiliki.

Kisha anafungua picha ya seremala.

Madoa ya maji yapo, kila moja na ukingo wake mwembamba, kama alama ya kikombe cha chai iliyokaukia mezani. Na katikati ya njia ya maji, chini ya jicho la kushoto, ipo alama moja ya hudhurungi isiyo na ukingo, inayoyeyuka taratibu ndani ya shavu. Mtu yeyote angeitofautisha.

Fundi Sura anavuta kiti cha muuzaji na kukikalia bila kuomba.

"Alikuwepo," anasema. "Alikuwepo muda wote."

Machozi yanamtoka waziwazi, asubuhi kweupe, mbele ya muuzaji na mwandishi wa makala haya, watu wawili wasio ndugu zake. Muuzaji anageuka na kuanza kukunja waya ambao tayari umekunjwa.

Monita ilifika nyumbani imeviringishwa blanketi. Ilimgharimu mapato ya wiki tatu za zamani, zile wiki nzuri. Mdogo wake aliipokea mlangoni, akautazama mguu wake, akaguna.

"Hii ndiyo uliyozunguka asubuhi nzima ukaichagua?"

"Ndiyo hii."

"Haya. Penye nia pana njia, hata kama njia yenyewe inachechemea."

Waliiweka ubavuni mwa dirisha, si mbele yake wala nyuma yake, ili jua lisiingilie mazungumzo. Kompyuta ya zamani ikakaa pembeni na kifuniko chake nusu, kazi yake sasa ni kufikiri tu.

Fundi Sura hakuichukua ile picha aliyokuwa ameisafisha. Ingekuwa rahisi: angeibandikia alama mahali pake, kazi ikaisha kabla ya chai. Alikataa.

"Ningeichora, ingekuwa yangu," anasema. "Mimi nilitaka yake. Kwa hiyo nilianza upya kabisa, nikaondoa maji peke yake, nikamwacha mtu."

Ilipokamilika, alimpigia simu binti. Haikupokewa. Akapiga siku iliyofuata, haikupokewa. Mwishowe mdogo wake alikwenda kwa mjane wa seremala, akakaa naye, akamweleza bila kupamba. Mjane alisikiliza, akasema atamfikishia mwanawe, lakini moyo wa mtu si mlango kwamba utausukuma.

Binti alikuja baada ya wiki moja. Mwandishi wa makala haya alikuwa chumbani, akainuka ili awapishe.

"Kaa," binti alisema. "Kosa lilionwa na watu wengi. Hili nalo lionwe."

Aliingia bila kusalimia. Fundi Sura, ambaye kwa umri ni wa kumzaa, hakulalamika. Alimwonyesha kiti, binti akabaki amesimama na mikono ameikunja kifuani. Fundi Sura akaondoa kitambaa kwenye skrini, akarudi nyuma hadi ukutani.

Binti alitazama. Mdogo wake Fundi Sura, kule mbele, alikuwa akitoa nakala, na mashine ilisikika ikienda na kurudi. Binti akasogea. Mikono ikafunguka. Aliposema, hakumwambia yeyote kati yetu.

"Shikamoo, baba."

Fundi Sura alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Alilia kama mtu aliyefiwa, na pengine ndivyo ilivyokuwa. Binti hakumkimbilia kumkumbatia. Alimwacha alie mpaka atosheke, kisha akamwambia, kwa sauti ya chini, "Pole, mama. Na mimi nilikuwa na hasira." Halafu akatoka nje.

Ilidhaniwa ameondoka. Alirudi amemshika mkono mama yake, mjane wa seremala, aliyekuwa amekaa muda wote kwenye benchi la wateja akisubiri kuambiwa kama kuna heri.

Mjane alisimama mbele ya mumewe, akamkagua juu hadi chini kama mke anavyokagua mume anayetoka kwenda kazini.

"Kola imekaa vizuri leo," alisema. "Ndiye."

"Sasa mpige picha na mama naye," binti akamwambia Fundi Sura. "Leo hii, kabla ya siku yake. Akae mwenyewe hapo akuonyeshe lipi doa na lipi lake."

Fundi Sura anasema ombi hilo limempa kazi aliyokuwa haijui. Tangu siku hiyo amekuwa akipanga, na mdogo wake, kutenga asubuhi moja kila wiki kwa ajili ya wazee wa mtaa: kila mmoja apigwe picha akiwa peke yake, hayuko nyuma ya bibi harusi wa mtu, kisha aketi mbele ya ile monita ya mguu uliofungwa kwa waya na kuusahihisha uso wake mwenyewe. Watoto wa wazee wanne wameshaulizia. Sura za marehemu nazo amerudi kuzipokea, ingawa sasa haanzi kufuta kitu mpaka aliyemjua marehemu aketi pembeni yake.

"Nataka siku moja nisiwe na kazi ya kukisia," anasema. "Nataka kila atakayeondoka awe ameshaniambia."

Wa kwanza ni mjane wa seremala. Amepigwa picha, na sasa ameketi mbele yake, amevaa miwani ya binti yake, kidole kikisafiri juu ya skrini bila kuigusa. Fundi Sura ameshika panya, mkono umetulia, anasubiri amri.

"Hili ni la moto, nilikuwa mdogo," mjane anasema. "Hili la tetekuwanga. Mikunjo hii miwili ya macho ni ya mume wangu, alikuwa akinichekesha kupita kiasi."

Kidole kinafika karibu na sikio, kinasimama. Anasogeza uso, anatazama kwa muda mrefu.

"Hili silijui lilikotoka," anasema. "Lakini ni langu. Liache."